Kadi ya grafiki kwa simuleta ya ndege: nani anapanga bei, na mnunuzi achague vipi?

Tarehe 3 Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia watu wa kawaida memori za kompyuta zenye jina la Crucial, jina lililokuwa sokoni kwa karibu miaka 30. Sababu iliyoitoa ni kwamba vituo vya data vya akili mnemba vinahitaji memori nyingi mno, na kampuni imeamua kuwahudumia kwanza wateja wake wakubwa.

Habari hiyo inaweza kuonekana iko mbali na kijiji. Lakini inamgusa kijana anayetaka kuunganisha kompyuta ya kujifunzia kurusha ndege nyumbani, inamgusa mzazi anayemchangia fedha, na inakugusa hata wewe unayesoma makala haya kwenye simu. Memori iliyomo ndani ya simu yako inatoka kwenye kundi lile lile dogo la viwanda: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Makampuni hayo matatu ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa kabisa ya memori za aina hiyo duniani.

Leo tunachukua kifaa kimoja, kadi ya grafiki, na matumizi yake kwenye simuleta ya ndege. Tutaangalia kwa nini bei yake imekuwa haitabiriki, na mtu mwenye fedha kidogo afanye nini asije akaitupa akiba ya mwaka mzima kwenye kifaa kisichomfaa.

Kadi hii inafanya kazi gani?

Simuleta ya ndege ni programu ya kompyuta inayoigiza urushaji wa ndege. Unakaa mbele ya skrini, unashika stiki, unaona uwanja, mawingu, milima na vipimo vya ndani ya ndege kama rubani anavyoviona. Zinazojulikana zaidi ni tatu: Microsoft Flight Simulator, X-Plane, na FlightGear, ambayo ni ya bure.

Ndani ya kompyuta kazi hiyo imegawanywa. Prosesa inakokotoa mwenendo wa ndege: upepo, injini, mabawa, ndege nyingine zilizo angani. X-Plane, kwa mfano, inaigawa ndege katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, mara nyingi kila sekunde. Kadi ya grafiki yenyewe inachora. Inapokea hesabu za prosesa na kuzigeuza kuwa picha kwenye skrini.

Mgawanyo huu una maana kwa mnunuzi. Ukinunua kadi ya bei kubwa ukaiweka kwenye kompyuta yenye prosesa dhaifu, kadi itakaa ikisubiri hesabu. Simuleta za ndege zinaelemea prosesa kuliko michezo mingi ya kompyuta, kwa hiyo kosa hili linaonekana upesi zaidi hapa.

Bei ilitekwa mara mbili

Kadi za grafiki zilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa michezo ya kompyuta. Katika miaka michache iliyopita, makundi mawili yenye fedha nyingi kuliko wachezaji yaliingia sokoni.

Kundi la kwanza ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Kati ya 2020 na 2022 walinunua kadi kwa wingi ili kuchimba sarafu ya Ethereum. Kadi ya Nvidia RTX 3080 ilitangazwa mwaka 2020 kwa dola 699, lakini kwa muda mrefu waliotaka kuipata walilazimika kuinunua kwa walanguzi, mara nyingine kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, na kuchimba kwa kadi kukaisha. Kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa kwenye soko la mitumba duniani.

Kundi la pili ni makampuni ya akili mnemba, na hili bado lipo. Angalia hesabu za Nvidia yenyewe. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025, ilipata mapato ya dola bilioni 130.5. Kati ya hizo, dola bilioni 115.2 zilitoka kwenye vituo vya data. Michezo ya kompyuta, biashara iliyoijenga kampuni hiyo, ilileta takriban dola bilioni 11.4. Kwa maneno mengine, katika kila dola 100 zilizoingia, mchezaji wa nyumbani alileta chini ya dola 9.

Mkulima anaielewa hesabu hii bila kusomea uchumi. Ukiwa na mnunuzi mmoja anayechukua magunia 88 na mwingine anayechukua magunia 9, unajua utampakilia nani kwanza siku mvua ikikosekana.

Uhaba ulioanza kubana mwishoni mwa 2025 uko kwenye memori. Vifaa vya akili mnemba vinatumia memori ya aina maalumu, ambayo utengenezaji wake unakula nafasi kubwa zaidi ya kiwanda kuliko memori ya kawaida. Viwanda ni vile vile. Kila mashine inayopelekwa kwenye kazi hiyo inapunguza memori ya kompyuta, ya simu na ya kadi za grafiki. Na kiwanda kipya cha memori hujengwa kwa miaka, hakijengwi kwa miezi. Kwa hiyo anayesema asubiri mwezi mmoja au miwili bei ishuke, anasubiri bila msingi.

Anza na programu

Kwa kuwa bei haiko mikononi mwa mnunuzi, kilicho mikononi mwake ni mahitaji yake. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujauliza bei ya kadi yoyote.

Microsoft Flight Simulator 2024 ilitoka tarehe 19 Novemba 2024. Masharti yake ya chini kabisa ni RAM ya GB 16, kadi yenye memori ya GB 4, na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde. Kiwango kinachopendekezwa ni RAM ya GB 32, kadi ya GB 8, na intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde.

Wengi husoma sharti la kadi wakaruka sharti la intaneti, na kwa msikilizaji wa kijijini hilo ndilo zito zaidi. Toleo hili halihifadhi dunia nzima ndani ya kompyuta. Linapakua sura ya nchi kutoka kwenye seva za Microsoft wakati unaruka. Piga hesabu: mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde ukienda mfululizo kwa saa moja, unakula bando la GB 4.5. Ukiwa wa megabiti 50, unakula GB 22.5 kwa saa. Matumizi halisi hupanda na kushuka kulingana na mahali unaporuka, lakini anayetegemea bando la simu anaona mwenyewe anakoelekea. Siku programu hiyo ilipotoka, seva zililemewa, na watu wengi, hata wenye kadi za bei ya juu kabisa, wakabaki wanaangalia skrini ya kusubiri.

X-Plane 12 inakwenda kwa njia nyingine. Unachagua sehemu za dunia unazozitaka, unazipakua mara moja, na ukiruka huhitaji mtandao unaomiminika muda wote. Inahitaji kadi inayokubali mfumo wa Vulkan 1.3. FlightGear ni nyepesi zaidi, haiuzwi, na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta za zamani.

Kwa hiyo kijana mwenye mtandao dhaifu akinunua kadi ya bei kubwa kwa ajili ya programu ya Microsoft, bado ataona milima isiyo na sura vizuri, kwa sababu kinachochelewa ni mtandao. Fedha hizo zingemfikisha mbali zaidi kwenye X-Plane.

Memori ya kadi na ukubwa wa skrini

Ukishachagua programu, angalia skrini. Skrini ya kawaida ya HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta milioni mbili na kidogo. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Hiyo ni kazi mara nne kwa kadi ile ile. Mtu anayebaki na skrini ya HD ameokoa fedha nyingi kabla hajaingia dukani.

Kasi nayo ni suala. Katika michezo ya kupigana risasi, wachezaji hutaka picha 60 kwa sekunde au zaidi, kwa sababu anayechelewa anakufa. Ndege haigeuki kwa kasi hiyo. Warushaji wengi wa simuleta huridhika na picha 30 kwa sekunde, mradi zije kwa utulivu bila kukwama.

Kinacholeta kukwama, mara nyingi, ni memori ya kadi kujaa. Viwanja vikubwa, miji yenye majengo mengi na vyumba vya rubani vilivyochorwa kwa kina hujaza memori hiyo haraka. Ikijaa, kompyuta huanza kukopa nafasi kwenye RAM, ambayo kwa kadi iko mbali na ni ya polepole. Ndipo picha inapokatika, na mara nyingi inakatika unapokaribia kutua, kwa sababu uwanja na mji vimekuja mbele yako kwa pamoja.

Kwa skrini ya HD, GB 8 ndicho kiwango cha kuanzia kwa anayetaka programu ya Microsoft bila kusumbuka sana. GB 12 inampa nafasi ya kupumua. Kwa X-Plane yenye mipangilio ya chini, GB 6 inaweza kumfundisha mtu kuruka.

Jina moja, bidhaa mbili

Hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wanapokosana. Mwezi Aprili 2025 Nvidia ilitoa kadi ya RTX 5060 Ti katika matoleo mawili yenye jina hilo hilo: moja lina memori ya GB 8 na lilitangazwa kwa dola 379, la pili lina GB 16 na lilitangazwa kwa dola 429. Ukimwambia muuzaji jina tu, anaweza kukuletea lolote kati ya hayo mawili bila kusema uongo. Taja jina na memori, na uandikiwe vyote viwili kwenye risiti.

Laptopu zina mtego wake. RTX 4060 ya laptopu na RTX 4060 ya kompyuta ya mezani zina jina linalofanana, lakini ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo cha umeme kuanzia wati 35 hadi wati 115, kutegemea mtengenezaji. Laptopu mbili zenye stika ile ile zinaweza kutofautiana sana kwa nguvu. Pia kadi ya laptopu kwa kawaida haibadilishwi. Ikizeeka, imezeeka na laptopu yote.

Na bei ya kutangazwa huko nje si bei ya dukani kwetu. Intel Arc B580 yenye GB 12 ilitangazwa Desemba 2024 kwa dola 249. RTX 5060 yenye GB 8 iliingia sokoni Mei 2025 kwa bei ya kutangazwa ya dola 299, zaidi ya shilingi 700,000 za Tanzania kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Tumia bei hizo kulinganisha kadi moja na nyingine. Ukikuta kadi inauzwa chini ya bei hizo kwa mbali, uliza kwa nini.

Kompyuta za ofisi na umeme

Wengi wetu hatununui kompyuta mpya. Tunanunua zile za mezani zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na kwingineko, kisha tunaziongezea. Njia hiyo ni nzuri, ila pima kabla ya kununua kadi.

Kwanza, kasha. Kompyuta nyembamba za ofisi zinakubali kadi fupi tu, na kadi ya kawaida haiingii hata ukiilazimisha. Pili, pawa saplai. Tundu ambalo kadi huchomekwa linatoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo inataka waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Kadi kama RTX 3050 yenye GB 6 inatumia wati 70, kwa hiyo inaweza kufanya kazi bila waya wa ziada. Ipo pia katika umbo fupi. GTX 1650 ya zamani yenye GB 4 nayo, katika matoleo mengi, inaishia wati 75. Kwa upande mwingine wa soko, RTX 5090 inatumia hadi wati 575 peke yake.

Tukiwa kwenye wati, hesabu LUKU. Kompyuta ikitumia wati 250 pamoja na skrini, saa nne za kuruka zinakula uniti moja ya umeme. Hilo linavumilika. Lakini nyumba inayotegemea paneli ndogo ya sola kwa taa na kuchaji simu haiwezi kuibeba kompyuta hiyo. Na panapokatika umeme mara kwa mara, tenga fedha za UPS au kidhibiti cha volteji kabla ya kufikiria kadi kubwa zaidi. Umeme unaorudi kwa kishindo unaweza kuua kadi mpya siku moja.

Ukinunua iliyotumika

Kadi iliyotumika inaweza kuwa chaguo la busara. Hata iliyowahi kuchimba sarafu si lazima iwe mbovu, ila feni zake huchoka na vumbi hujaa. Usinunue kadi iliyofungwa kwenye mfuko bila kuiona ikifanya kazi. Omba ichomekwe, iendeshwe kazi nzito kwa nusu saa, na usikilize feni. Skrini ikitoa madoa ya rangi au kuzima, ondoka.

Kuna pia kadi feki. Mafundi wasio waaminifu huchukua kadi ya zamani, wakabadili programu iliyomo ndani yake, kompyuta ikaitambua kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kutambua kadi nyingi za Nvidia zilizofanyiwa hivyo, na huandika wazi kwamba ni feki. Beba programu hiyo kwenye flashi unapokwenda dukani. Muuzaji asiyekuruhusu kuifungua amekujibu tayari.

Je, itamfanya mtoto kuwa rubani?

Wazazi wanauliza swali hili zaidi kuliko yote, na jibu lake linapaswa kuwa wazi. Saa za kuruka kwenye kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani binafsi inahitaji saa 40 za kuruka, au 35 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, na mwombaji awe ametimiza miaka 17. Simuleta zinazoweza kuhesabiwa, tena kwa kiasi, ni zile zilizokaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi. Kadi ya grafiki, hata iwe ghali namna gani, haibadilishi hilo.

Kinachopatikana nyumbani ni cha kweli lakini ni kidogo: kuzoea vipimo, kufuata orodha ya ukaguzi kwa mpangilio, kuelewa ramani na lugha ya redio, na kujua mapema kama mtoto anaipenda kazi yenyewe au anapenda sare. Hayo yote yanawezekana kwenye X-Plane au FlightGear kwa kadi ya kawaida. Kumnunulia kadi ya milioni kadhaa kwa kuamini kwamba inafupisha njia ya leseni ni kuila ada ya mafunzo kabla hajafika chuoni.

Mpangilio wa kununua

Kwa hali ya soko ilivyo, ushauri wetu ni huu. Anza na FlightGear kwenye kompyuta iliyopo, pamoja na stiki ya bei ya chini. Mtoto akiendelea kuipenda baada ya miezi kadhaa, ongeza RAM ifike GB 16, kwa kuwa programu ya Microsoft inaitaka. Hakikisha prosesa si ya zamani mno, pawa saplai ni nzima, na umeme wa nyumba umedhibitiwa. Hapo ndipo ununue kadi: yenye memori ya GB 6 hadi 8 kwa X-Plane kwenye skrini ya HD, na GB 8 hadi 12 kwa programu ya Microsoft, kama mtandao wako unaibeba.

Aliyefika hatua hiyo na amepata kadi inayomfaa kwa bei anayoimudu, anunue. Ambaye bado hajafika, asikimbizwe na tangazo la dukani linalosema bei itapanda kesho. Inaweza kupanda kweli, lakini kadi isiyochomeka kwenye kompyuta yako ni hasara hata ukiipata kwa nusu bei.